Kamera ya Kazi Mbili

Katika mji wa Tarime, si mbali na stendi ya mabasi, alikuwapo kijana mmoja aliyepata riziki yake kwa kupiga picha. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo. Palikuwa na pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, kiti kimoja, mashine ya kuchapia, na ukutani zilitundikwa sura za watu waliokwisha lipa pamoja na za wale waliokuwa bado wanaahidi. Wateja wake walikuwa wa kila namna ambayo mji wa jirani na mpaka huwa nayo: wakulima wa kahawa na ndizi kutoka milimani, wanafunzi waliohitaji picha za kubandika katika fomu, wachuuzi waliopitia Sirari kwenda Kenya asubuhi na kurudi jioni, na wachimbaji wa Nyamongo waliopata fedha jana na kutaka ionekane leo. Siku ya Jumamosi alifunga mlango, akatia kamera begani, akaenda arusini.

Kamera ile aliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa imekwisha tumika, kwa akiba ya miaka miwili. Ilikuwa kamera ya dijitali ya kioo, ya aina ambayo lenzi yake hutolewa na kutiwa nyingine. Si picha zake zilizomshawishi, maana kamera aliyokuwa nayo kwanza ilipiga picha za kuzitosha kuta za Tarime. Kilichomshawishi ni kuwa hii ilipiga na video pia. Aliona amenunua vitu viwili kwa bei ya kimoja, na mtu aonaye hivyo ni vigumu kumlaumu.

Zamani kazi hizi mbili zilikuwa na vyombo viwili, na aghalabu watu wawili. Katika arusi za Tarime na Mugumu mpiga picha alisimama upande huu na kamera yake ya filamu ya picha 36, na mpiga video alisimama upande ule na kamera ya kanda begani, pamoja na taa kali iliyowafanya maharusi wafumbe macho. Kijana huyu alikuwa na mwenzake wa namna hiyo. Walisafiri katika gari moja, wakala sahani moja, wakagawana malipo bila ya daftari. Ilipokuja kamera ya kazi mbili wenye arusi waliacha kuita watu wawili. Walisema, "Wewe una kamera ya kisasa, fanya yote." Malipo yalikuwa ya mtu mmoja na nusu kwanza, baada ya miaka michache yakawa ya mtu mmoja. Mwenzake aliuza kamera yake ya kanda kwa bei ya kutupa, akanunua pikipiki, akawa dereva wa bodaboda. Hawakugombana. Walakini kila walipokutana barabarani, mwenye pikipiki aliisalimu kamera kwanza na mtu baadaye, na mzaha huo haukuwa mtamu kwa aliyeupokea.

Mabadiliko hayo yalianza mbali sana na Mara. Mwezi wa Agosti 2008 kampuni ya Nikon ilitangaza kamera yake ya D90, ya kwanza katika jamii ya kamera za kioo kupiga video. Mwezi uliofuata Canon ikatangaza EOS 5D Mark II, ambayo video yake ilikuwa na upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080. Ilikusudiwa kuwa faraja ndogo kwa waandishi wa habari ambao magazeti yao yalianza kudai picha za kwenda. Lakini watu wa sinema waliiona, wakaitwaa. Mwaka 2010 sehemu nzima ya tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo House ilipigwa kwa kamera hiyo. Sababu yake si siri. Kibati kinachopokea nuru ndani yake kina milimita 36 kwa 24, kikubwa mara nyingi kuliko vile vilivyokuwa katika kamera za video za bei yake, na kibati kikubwa pamoja na lenzi nzuri huweza kumtoa mtu mbele kwa ukali na kuliacha nyuma yake lote liwe ukungu laini. Mama wa bibi arusi hajui jina la jambo hilo, lakini akiliona hutambua kwamba binti yake amependeza.

Yafaa msomaji aelewe kamera hiyo hufanyaje kazi, maana matatizo ya kijana yalitoka humo. Nyuma ya lenzi umesimama mshazari wa kioo. Nuru ikiingia hupiga kioo, hupanda juu, hugeuzwa, hulifikia jicho. Mpiga picha huona kile hasa ambacho lenzi inaona. Akibonyeza, kioo huruka juu, kilango cha nyuma hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kibati hupata nuru yake, na kioo hurudi mahali pake. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Video haiwezi kupigwa hivyo. Kioo hakina budi kubaki juu na kilango kibaki wazi muda wote, na hapo tundu la kuchungulia huwa giza tupu. Kilicho fahari ya kamera hii, yaani kioo chake, ndicho cha kwanza kuondoka njiani kazi ya pili inapoanza. Mpiga video huiondoa kamera usoni, akaishika mbele yake kama mtu asomaye barua, akatazama katika skrini ya nyuma. Na saa sita mchana katika jua la Mara skrini hiyo huonyesha zaidi uso wa anayeitazama.

Kamera yake ilikuwa na tabia moja zaidi, ambayo aliyemwuzia hakumwambia. Mtu akiwa katikati ya video aliweza kubonyeza kitufe cha picha, na picha kamili ikapatikana, ya nukta milioni 21. Lakini kamera ilipoitwaa picha hiyo video ilisimama. Kwa muda wa kama sekunde moja watu waliganda, sauti ikakatika, kisha mambo yakaendelea kutoka mahali pengine. Siku ya kwanza kulijua jambo hili ilikuwa katika kanisa, bwana na bibi arusi wakiwa mbele ya padri. Bibi arusi aliulizwa kama amekubali. Kijana aliona midomo yake ikifunguka, akaona picha njema, akabonyeza. Picha ilitoka njema kweli. Lakini katika video padri anauliza, bibi arusi anaganda, na anapopata uhai tena padri amekwisha kugeukia mashahidi. Ile "Ndiyo" imeanguka katika shimo. Bwana arusi alikuwa mtu wa kucheka, akasema kwamba tangu leo mkewe akikana ndoa hana ushahidi. Baba mkwe hakucheka, na nusu ya malipo haikulipwa. Kijana aliapa asibonyeze tena kitufe cha picha wakati video inakwenda.

Kiapo hicho kilijaribiwa huko Serengeti. Familia moja ya Mwanza iliyojuana naye ilimchukua katika safari yao ya mbugani, mwezi wa Agosti, wakati nyumbu wako kaskazini. Waliingia kwa lango la Ikoma, wakalala njiani, wakafika Kogatende kwenye Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Lamai, na nyuma ya Lamai ni vijiji vya Wakurya. Kijana alisafiri siku nzima kuzunguka ili aje kuitazama nchi yao kwa upande wa pili. Ukingoni walikuwapo nyumbu maelfu, wakisukumana, wakishuka na kupanda tena, wakiogopa maji na kile kilichomo majini. Saa nzima ilipita hivyo, na ya pili. Katika gari mama mwenye familia alisema anataka video, ili bibi aliyebaki Mwanza asikie mlio wa nyumbu. Mwanawe wa kwanza alisema anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Mtu asiyepiga picha atadhani ni suala la kubonyeza kitufe hiki au kile. Kumbe kila kitu hubadilika. Nyumbu arukaye kutoka ukingoni hukamatika kwa kilango cha sehemu ya 1/2000 ya sekunde. Hapo kila tone la maji husimama angani kama ushanga. Video ya picha 25 kwa sekunde hutaka 1/50, ili kila picha iwe na ukungu kidogo na jicho liziunganishe ziwe mwendo mmoja. Ikipigwa kwa 1/2000 nyumbu hutembea kwa kushtuka, mfano wa sinema za kale. Na 1/50 katika jua kali ni nuru nyingi kupita kiasi: hata hisi ya kamera ikishushwa mpaka 100, tundu la lenzi hutakiwa lifinywe mpaka f/22, ambapo ukali wa picha huanza kupungua, au pawekwe mbele ya lenzi kioo cheusi cha kupunguza nuru. Kioo hicho kikiwekwa, picha za haraka haziwezekani mpaka kitolewe. Kisha kamera ya picha yaweza kusimamishwa wima kama mtu, ili ipate kimo cha ukingo na mnyama anayeanguka. Video haina ruhusa hiyo, maana televisheni za watu zimelala. Tena, akiigeuza kamera upesi kumfuata nyumbu, miti ya nyuma huinama kama iliyopigwa na tufani, kwa kuwa kibati husomwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na mti umekwisha sogea kabla ya mstari wa mwisho kufikiwa. Na mfuko wa maharage uliowekwa dirishani kutuliza lenzi huuridhia mkono wa picha, lakini masikio ya video husikia kila mtu garini akitafuna karanga.

Kijana alichagua video, kwa heshima ya mama. Nyumbu walijitupa, mto ukageuka mweusi kwa migongo yao, na baada ya dakika chache ukawa mtupu. Usiku yule mwana alimwomba atoe picha ya sebuleni katika video. Akajaribu. Picha moja ya video ile ina nukta milioni mbili tu, sehemu ya kumi ya picha kamili, na kwa 1/50 nyumbu ni michirizi ya kahawia. Michirizi hiyo ikienda ni wanyama. Ikisimamishwa si kitu. Kijana yule wa Mwanza alinyamaza kwa adabu, unyamavu ambao ni mzito kuliko lawama.

Waliomtangulia mbugani hawakuwa na shida hii. Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael walioruka juu ya Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950 wakihesabu wanyama katika ndege iliyopakwa milia ya punda milia, walikuwa na vyombo vya sinema kwa ajili ya sinema. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai. Filamu yao ikatoka mwaka huo, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kitabu cha jina lile lile kikawa na picha zake. Kazi zilikuwa mbili na zilijulikana kuwa mbili. Hata sheria ingali inaona hivyo: utengenezaji wa filamu una Sheria yake ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na vibali vyake, na hifadhini filamu za biashara zina kibali cha peke yake, ilhali mgeni apigaye picha za kumbukumbu hasumbuliwi. Lakini askari wa langoni aitazamapo kamera ya namna hii hana njia ya kujua inakusudia nini. Huenda mwenyewe hajakata shauri bado.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo kijana hakusitasita kuchagua. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, imejulikana kwa nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa, hasa likizo ya Desemba inapokaribia. Giselle Portenier alitoa filamu juu ya wasichana hao mwaka 2018, iitwayo In the Name of Your Daughter. Tarime nayo ina kituo cha namna hiyo huko Masanga. Siku moja kijana aliitwa kupiga mahafali ya mafunzo ya ushonaji ya wasichana waliopitia hifadhi ya namna hiyo. Aliombwa asionyeshe sura. Akapiga picha tu: mikono juu ya cherehani, migongo katika sare, vivuli ukutani. Alipoulizwa kwa nini hakupiga na video ya migongo hiyo hiyo, alieleza kwamba mgongo katika picha ni mgongo wa mtu yeyote, bali mgongo unaotembea una mwenyewe. Baba aliyemkosa binti yake atamtambua kwa mwendo wake kutoka upande wa pili wa soko, na kwa kikohozi chake kutoka nyuma ya ukuta. Haikuwa hekima ya kamera; ilikuwa hekima ya mtu aliyekulia katika nchi ya wafugaji, ambako ng'ombe aliyeibwa hujulikana kwa hatua zake hata akipakwa matope.

Sasa yabaki habari ya mzee. Katika kijiji kimoja cha milimani alikaa mpigaji wa litungu, zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, ambalo sauti yake ni nzito kama inayotoka chini ya sakafu. Katika ujana wake watu walicheza mbele yake kwa viatu vya magogo ya mbao, wakiruka mpaka ua ukatetemeka. Uzeeni aliketi peke yake, na waliokuja kumwita walipungua. Kijana alimwendea bila ya kutumwa na mtu. Alichukua stendi ya miguu mitatu na kinasa sauti kidogo alichokiazima, kwa sababu maikrofoni ya kamera huifanya sauti nzito kuwa ngurumo ya debe. Kinasa hicho kilizimika betri mapema, naye hakujua mpaka aliporudi nyumbani.

Mzee alimtazama anavyopanga vitu vyake, akauliza, "Mura, umekuja kuchukua sura au umekuja kuchukua wimbo?"

"Vyote viwili, tata."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kamera ina uwezo huo, tata."

Mzee alikaza nyuzi, akasema, "Mimi tangu nizaliwe nikipiga sichezi."

Akapiga. Kijana aliweka kilango 1/50, akafinya tundu, akajua ana dakika 12 tu, maana kadi yake haikupokea faili moja kubwa zaidi ya hapo na kamera ingejikata yenyewe. Dakika ya nne mzee alifumba macho na uso wake ukabadilika. Si uso aliokuja nao mlangoni wala ule wa kumpokea mgeni. Kijana alikumbuka shimo la kanisani. Alikumbuka pia ukuta mtupu wa Mwanza. Alijua kwamba katika video uso ule utapita, na kwamba ukisimamishwa utakuwa ukungu. Alibonyeza. Baadaye kidogo akabonyeza tena, na mara ya tatu mzee alipoinua kichwa kumalizia. Kila mara alijua analipa nini, au alidhani anajua.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, mvua za masika zikianza. Wanawe walikuja Tarime kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Kijana akawapa ile ya kwanza, imechapwa kwa ukubwa, na wazee waliokuja matangani walisimama mbele yake wakasema kwamba huyu ndiye; wengine walimsalimu. Hapana aliyeuliza juu ya video mpaka arobaini ilipopita. Ndipo mjukuu mmoja, mvulana wa miaka 14 aliyerithi litungu lile kwa kuwa wengine hawakulitaka, akaomba apewe wimbo katika simu.

Alijifunza peke yake, akisikiliza na kurudia. Miezi ikapita. Siku moja aliitwa kupiga mbele ya jamaa, na kijana alialikwa kuja kupiga picha. Mvulana alipiga vizuri kuliko walivyotazamia. Lakini dakika ya nne alisimama ghafula, mkono juu ya nyuzi, kama sekunde moja, kisha akaendelea kutoka mahali pengine. Akafanya hivyo mara ya pili na mara ya tatu. Wazee walitazamana. Mmoja, jirani wa marehemu, akamwuliza, "Mura, mbona unapumzika katikati ya njia?"

"Ndivyo babu alivyopiga," akajibu mvulana. "Yamo katika video."

Kijana aliiweka kamera juu ya meza, akawaeleza. Alieleza habari ya kioo na kilango na kitufe, na wao wakamsikiliza kwa subira ambayo haikumsaidia. Alipokwisha, mvulana aliuliza swali moja tu: babu alipiga nini pale? Kijana alikuwapo siku ile, hatua tatu kutoka kwenye nyuzi. Akajaribu kukumbuka, asipate kitu. Alikuwa akitazama uso.

Yule jirani akasema ngojeni. Akatafuta kipande cha kwanza kwa mdomo, akakosea, akaanza upya, na mzee mwingine akamsahihisha, wakabishana kidogo. Mvulana aliinamisha kichwa akakitafuta katika nyuzi, uzi huu na ule, na walikuwa bado wako katika shimo la kwanza giza lilipoingia na taa ikaletwa.